Fundi, Kidole na Figo Zilizochoka

Fundi cherehani huyu alikuwa na kidole gumba cha mguu chenye kiburi kuliko mwenye nyumba. Kikitaka kuvimba kilivimba bila notisi, chekundu, kinang'aa, hata shuka likikigusa Fundi alimwita marehemu mama yake. Jongo. Na cherehani yake ni ya kukanyaga. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi alitafuna vidonge vya maumivu kama karanga, kazi ikaenda.

Mpaka alipopimwa. Figo zilikuwa zimechoka, na asidi ya uriki, takataka ambayo figo zilipaswa kuitoa mwilini, ilikuwa imejaa kwenye damu na kuganda kidoleni.

"Hivyo vya maumivu acha leo, vinakumalizia figo," alisema daktari, binti ambaye Fundi angeweza kumzaa. "Kidonge hiki kinashusha asidi. Meza kila siku, uumwe usiumwe. Mwanzoni kidole kinaweza kuwaka zaidi. Usikiache, rudi nikupe cha kutuliza."

"Na figo zitapona?"

"Kupona, hapana. Tunataka zisiharibike haraka. Kidole kitatulia, hilo najua. Lakini kama kushusha asidi kunazisaidia na figo, wataalamu bado wanabishana. Nisikudanganye, mzee wangu."

Fundi akatoka amenuna. Waganga wa vibandani wanatibu kila kitu, kuanzia kisukari hadi kuachwa na mchumba, halafu huyu aliyesoma ndiye anabakiza maneno!

Wiki ya pili kidole kikawaka kweli. Magauni ya kwaya yalikuwa yamerundikana mezani, mengi hayajaguswa. Fundi akaingiza mkono kwenye droo ya cherehani, chini kabisa ya vifungo, akatoa vidonge vyake vya zamani. Mkewe akawa amesimama mlangoni.

"Unatafuta kifungo au kaburi?"

"Natafuta mguu, mama watoto. Nishone leo, kwa daktari nitaenda kesho. Kwanza yule mtoto mwenyewe hana uhakika."

"Hana uhakika na kipi? Na kile alichokupa, au na hicho ulichoshika?"

Fundi akavitazama vile vidonge. Kweli, kuhusu hivi vya mkononi yule binti hakusita hata kidogo. Shaka ilikuwa ya kile kingine, kama kinasaidia na figo. Fundi mwenyewe ndiye aliyeichukua akaifanya ruhusa, kwa sababu ruhusa ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

Akampa mkewe vidonge akavitupe. Mkewe aliporudi alivuta kigoda, akaweka mguu wake kwenye kanyagio. "Wewe shika kitambaa."

Mshono ukaenda upande kama mlevi anayetafuta kwake.

"Taratibu! Unashona au unafukuza mwizi?"

"Nyamaza, mgonjwa. Elekeza."

Wakamaliza gauni moja. Fundi akaligeuza, akalitazama, akakohoa kwa heshima.

"Asubuhi nisindikize kwa yule binti."

"Sawa. Na gauni?"

"Hilo, mke wangu, tufumue."