Ayoo Hugawa Njia, Yake Bado Anaitafuta

Saa mbili asubuhi, ukungu haujabanduka juu ya majani ya chai, na Ayoo Ogada anaandika amri fupi kwenye ruta, kifaa kinachoelekeza mawasiliano, ofisini Kericho. Ruta za vituo tisa vya mtandao, alizoziweka katika kundi moja la BGP, lugha ambayo ruta hutangaziana njia, zinatangaziwa njia ya msingi: ile inayofuatwa na kila ujumbe usiojua uendako.

"Ruta haioni aibu kupotea," anasema fundi huyu wa mtandao mwenye miaka thelathini na mmoja. "Ikikosa njia, inafuata ya msingi, basi."

Simu inalia. Ni Benard, msimamizi wa kituo cha Soin, bondeni.

"Wewe Ayoo, nani alikuambia tunataka njia yako? Tuko na yetu ya kwenda ziwani!"

"Pole, Benard. Nimewahesabu na kundi."

"Sisi si kundi. Sisi ni Soin!"

Kosa hilo ni la wanaotaka kazi iishe mapema: amri ya kundi humwangukia kila aliyemo. Mawasiliano ya Soin yameacha mlango wake wa karibu, wa ziwani, na kupanda mlima hadi Kericho bila sababu. Ayoo anaiondoa Soin kundini. Baada ya dakika nne, Benard anakiri shingo upande kwamba mambo yametulia.

Ayoo hakati simu. Jina lake, kwa Kijaluo, hupewa mtoto aliyezaliwa njiani. Naye alizaliwa Soin, kando ya barabara, mama yake Monicah akipanda kutoka ziwani kwenda kuchuma chai. Monicah amechuma tangu mwaka huo. Sasa mashine imechukua nafasi yake, na kabla ya Desemba atarudisha ufunguo wa nyumba ya kampuni.

"Watu huniuliza nyumbani ni wapi," Ayoo anasema. "Kule ziwani ardhi iligawanywa bila sisi. Huku tulikaa kwa nyumba ya kazi."

Jumapili alimuuliza mama yake angependa kuelekea wapi.

"Nyathina, mwanangu," Monicah akamjibu, "pale Soin nilikaa chini nipumzike kidogo tu. Mpaka leo sijapumzika."

Ndiyo maana simu bado iko sikioni. Ayoo anawazia vyumba viwili, mlango ukitazama barabara.

"Benard, ile ploti nyuma ya kituo, bado inauzwa?"

Benard anashusha sauti.

"Iko. Lakini hiyo, tafadhali, usilitangazie kundi."