Sauti ya Nne Ndani ya Gari la Baba

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Boito, na kabla sijanywa hata chai mtoto wa kaka yangu akanivuta mkono hadi uani nikasikie spika mpya za gari lake. Alikuwa amejaza buti lote. Alipowasha, vioo vya jikoni vilitetemeka na mama akatoka na mwiko kuuliza kuna nini. Kijana akaniuliza, "Auntie, besi si iko sawa?" Niliweka kiganja juu ya mlango, nikasikiliza kidogo, nikamwambia hiyo si besi, ni bati la mlango linalolia. Alifungue, alibane kwa vipande vya mpira, halafu apunguze sauti. Alinikodolea macho. Angejuaje kwamba mambo hayo niliyasomea pale pale uani, likizo moja ya Desemba nikiwa darasa la tano?

Wewe uliyekulia kwenye chai unaijua Desemba ya kwetu. Asubuhi umande unakulowesha hadi magotini, unachuma mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, unabeba kikapu hadi kituo cha kupimia majani na kungoja lori la kiwanda kutoka Mogogosiek. Mchana mvua inashuka, mara nyingine ya mawe, na watu wote wanajibanza jikoni kwenye harufu ya kuni mbichi. Hapo ndipo unapopewa ugali na mboga chungu za managu, na kikombe cha mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa mazito yenye vidoa vya mkaa. Sijawahi kula vizuri hivyo tena, hata kwenye hoteli za watu wakubwa.

Baba alikuwa na gari, stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya maziwa, la pekee kwenye mlima wetu. Lilibeba makopo ya maziwa, wagonjwa, maharusi, na siku moja ndama. Ndani yake kulikuwa na redio ya kaseti, na spika moja ndogo chini ya dashibodi. Na kulikuwa na kaseti moja ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya kwaya ya kanisa letu, iliyorekodiwa kabla mimi sijazaliwa, wakati babu alipokuwa hai. Babu aliimba sauti ya nne, ile ya besi. Wazee walisema alipoimba, benchi ulilokalia lilitetemeka likakuambia.

Mwaka ule masikio ya nyanya, Kogo tulivyomwita, yalianza kumwacha. Sisi watoto hakutusikia tena hadi tushike bega lake. Ndege, simu, kengele ya kanisa, vyote vilikwenda. Lakini ngurumo alisikia, na lori la majani alilisikia likiwa bado mbali. Baba akawaza, kama ni hivyo, basi sauti ya mumewe ataisikia. Jumapili moja baada ya ibada akamketisha Kogo kwenye kiti cha mbele, akatia kaseti. Spika ile ndogo ikatoa akina mama wa sauti ya kwanza, wembamba kama mbu. Kogo aliinamisha kichwa, akangoja wimbo mzima, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hii si kaseti yake. Mzee hayumo."

Nilikuwa nimekaa nyuma. Niliona shingo ya baba ikishuka.

Kesho yake akaanza kazi. Kwanza alizungusha kitufe cha besi hadi mwisho, na spika ikalia kama mtu anayeburuta ngozi kavu. Akaenda Kericho, akarudi na spika mbili kubwa kama sinia na amplifaya ya kuzipa nguvu. Masanduku ya spika aliyatengeneza jirani yetu, mtu wa Kisii aliyekuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, akabaki na kuwa seremala. Alikuwa mtu wa haraka na mwenye kujiamini. Alisema ametengeneza makabati ya walimu wakuu wawili, sanduku la redio ni kitu gani.

Siku ya kuwasha tulikusanyika wote. Baba alifungulia, na nakuambia hivi, kuku walitoka mbio hadi kwenye chai. Bati la namba ya gari likapiga makofi. Skrubu moja ya sanduku ikatoka yenyewe na kuanguka. Mke wa jirani alikuja akiuliza kwa Kiswahili chake cha haraka kama tumeamua ng'ombe wake asitoe maziwa tena. Tulicheka hadi mama akakaa chini kwenye nyasi. Lakini Kogo, aliyekuwa ndani ya gari, alifungua mlango na kushuka. "Hilo ni lori linapanda mlima," alisema. "Zima, mwanangu. Usijisumbue."

Baba hakuzima moyoni. Wiki mbili zilizofuata tuliishi ndani ya gari lile. Jirani aligundua kwamba masanduku yake yalikuwa na nafasi kwenye kona, na mimi mwenye vidole vyembamba nilipewa kazi ya kujaza gundi ya mbao kwenye kila ufa, halafu kupitisha shavu langu pembeni nisikie kama upepo unatoka. Tulikata tyubu kuukuu ya tairi, tukabandika vipande ndani ya milango ili bati lisilie. Baba alipunguza amplifaya, maana alikuwa ameelewa kwamba ukiilazimisha kupiga kelele inaanza kupasua sauti. Halafu alizirudisha spika, akaunganisha waya upya na kuwasha.

Ilikuwa safi. Kila neno la wimbo lilisikika, hakuna kitu kilichotetemeka. Lakini besi ilikuwa imepotea kabisa. Ile kelele ya lori angalau ilikuwa na kitu chini yake, na sasa hapakuwa na kitu. Jirani alizunguka gari mara mbili. Baba aliegemea boneti, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka. Kwa kuwa Kogo, aliyeketi hapo kando, alikuwa hatusikii, baba alisema karibu yake, wazi kabisa, kwamba kila wiki masikio ya mama yake yanapungua, na yeye anacheza na mbao.

Aliyetuokoa alikuja kutafuta maziwa. Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyeongoza kwaya wakati huo, mama mrefu aliyevaa gambuti za mpira hata siku za jua. Alisimama na kopo lake mkononi, akasikiliza, kisha akaomba aingie. Alizungusha kitufe sauti itoke upande wa kushoto peke yake. Besi ikaja, nzuri kabisa. Akapeleka kulia peke yake, besi ikaja. Akarudisha katikati, na besi ikatoweka.

"Hizi spika mbili zinapingana," alisema. "Moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta. Ndugu, umegeuza waya."

Baba akasema waya zote zinafanana, zote nyeusi, angejua vipi. Mwalimu akaniita mimi. Aliniambia nilete jiwe la tochi, yaani betri, nichomoe waya za spika kwenye amplifaya, niguse ncha zake kwenye jiwe, huku nikiangalia ule uso wa spika. Niligusa za kwanza. Uso wa spika uliruka mbele kidogo, kama mtu anayepumua. Nikahamia spika ya pili, nikagusa vilevile, na uso wake ukaingia ndani. Nilirudia mara tatu ili niwe na hakika kabla ya kusema mbele ya watu wazima.

"Hii inaingia ndani," nikasema.

"Basi igeuze," mwalimu akasema. "Umeiona wewe, igeuze wewe."

Niligeuza. Mikono yangu ilinuka gundi na mpira, na hakuna harufu ambayo imewahi kunifurahisha zaidi.

Ilikuwa kama saa tisa, mvua imekatika, ukungu unapanda kutoka bondeni. Mama alimleta Kogo akiwa bado na vumbi la mahindi mikononi. Hakutaka, alikuja kwa sababu ya adabu tu. Baba alirudisha kaseti mwanzo, akafunga mlango taratibu. Mimi nilikaa nyuma, katikati ya zile spika. Akina mama walianza, halafu sauti ya pili, halafu ya tatu. Na ndipo kiti kikaniambia. Sauti iliingia chini ya nyingine zote, pana, bila kelele, ikapanda kwenye mgongo wangu. Babu yangu ambaye sikumwona.

Kogo aliweka mkono juu ya mlango. Akakibandika kiganja kizima. Wimbo ulifika kwenye pambio, na Kogo akaanza kucheka, kicheko kidogo cha msichana.

"Ni yeye," alisema. "Bado anachelewa kuingia."

Na ni kweli, ukisikiliza vizuri, sauti ya nne ilikuwa nyuma kidogo kila mara. Mwalimu akasema waimbaji wake wa sauti ya nne huchelewa vivyo hivyo miaka yote, naye hakujua kosa lile limetoka kwa nani. Wote tukacheka, hata jirani, na baba akageuza uso kuelekea kwenye chai.

Mengi yameondoka. Kaseti ililiwa na redio miaka michache baadaye, baba akaizungusha kwa kalamu mara nyingi hadi utepe ukakatika, na hakukuwa na nakala. Jirani alirudi kwao Kisii kuzeeka. Gari liliuzwa kama chuma. Kwenye mashamba makubwa mashine ndizo zinazokata chai siku hizi, na mlima wetu una magari mengi hadi watoto hawakimbii tena kuona linalopita. Kogo amelala karibu na babu, upande wa juu wa kisima.

Lakini likizo ile yote, na nyingine mbili baada yake, kila Jumapili alasiri Kogo alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akachukua mkoba wake mweusi, akaingia kwenye gari lililosimama uani. Baba aliwasha redio na kumwacha peke yake. Lile gari halikusogea hata hatua moja. Lakini alipomaliza alifungua mlango, akanyoosha nguo yake, akashuka na uso wa mtu aliyefika alikokuwa anakwenda.