Tairi la Korongoni

Msiniambie ni ukungu wala njaa. Nilikuwa nimeshiba, ilikuwa alasiri, na niliyemwona nilimwona.

Jana yake nilikuwa nimepanda kijijini Msangeni, juu milimani, kutoka Same kumchukua dada yangu Nakiete. Uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya, na mkunga amesema asipofika hospitali tutawapoteza wote wawili. Gari langu ni la fo-wili, ukiiweka matairi yote manne yanavuta. Mvua ikinyesha ndilo pekee linalopita. Asubuhi, kabla ya uchungu, mumewe aliliazima, akapata pancha. Spea ilikuwepo, saizi ileile, ila imeanza kuwa kipara. Basi shemeji yangu huyu mwenye akili nyingi akashuka korongoni, akafungua tairi kwenye gari lililotumbukia na dereva wake, akanifungia mimi bila kusema. Kubwa kuliko mengine matatu! Na kwetu gari lililoua haliguswi mpaka wazee wafanye tambiko. Anajua fika.

Kwenye tope niliweka fo-wili, tukaenda, shemeji kando yangu. Tulipofika penye mwamba, pasipo tope la kuteleza, gari likaanza kushindana lenyewe, mbele linavuta hivi, nyuma vile, oili inanuka, gia ya fo-wili imegoma kutoka. Likazima kwenye kona. Nakiete analia nyuma. Nikashuka, nikaliona hilo dude linavyopigana na wenzake wadogo, ndipo shemeji akaeleza alikolitoa, tena kwa kujiamini, kwamba tairi ni tairi.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kabla sijamjibu, mzee mmoja akatokea kwenye ukungu, koti kavu kabisa na mvua inanyesha. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Akapima matairi kwa shibiri, moja baada ya jingine, akaweka kiganja kwenye lile kubwa.

"Hili langu. Litoe."

Niamini, hofu ilikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa nimechoshwa tu. Nikamwambia nina mgonjwa, asinicheleweshe.

"Na mimi nilikuwa na mgonjwa," akasema. "Nami nilifungiwa lisilolingana. Ndilo hili."

Nikatoa jeki. Nikafunga kile kipara, nikarudi nyuma kidogo, gia ikaachia. Mzee akalisukuma tairi lake kuelekea korongoni. Sikusikia likianguka. Shemeji akaniuliza nabishana na nani.

Nakiete alijifungua salama, wote wawili wazima. Niliporudi nilichungulia korongoni: tairi liko kwenye gari lile bovu, nati zimeshika kutu kama hazijawahi kuguswa.

Sasa kila nikipita kona ile naamkia, na marahaba hunijia kutoka kiti cha nyuma. Sijazoea. Shemeji naye juzi kaja kuazima gari.

Wewe unayesoma, kabla hujapandisha mlima soma namba za ubavuni mwa matairi yako, yote manne. Na mzee usiyemjua asipoitikia shikamoo yako, usibishane naye. Toa jeki.