Umati wa Watu Saba

Ifahamike kwa wote, kama ilivyofahamishwa na Chifu Kavoi katika baraza la mwanzo wa mwaka 1996, kwanza kwa kipaza sauti na kisha bila kipaza sauti baada ya betri kuisha, kwamba ni marufuku watu kuzidi tisa kukusanyika mahali pa wazi bila kibali. Kwamba marufuku hiyo ni kwa faida ya wananchi wenyewe. Na kwamba amani wanayoifurahia wakazi wa Kibera inatokana na wao kutopendana kupita kiasi kwa wakati mmoja. Wananchi walipiga makofi, wakatawanyika.

Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwa Jentrix Nasike, muuza mitumba wa Soko la Toi, ambaye wengi walimwita Mama Kevin. Alipiga makofi kama wenzake, lakini alirudi kwenye meza yake ya makoti akiwa na neno moja tu kichwani: tisa. Alikuwa akihitaji mia mbili.

Nasike aliishi Kawangware, na kila asubuhi alitembea hadi Toi kwa sababu miguu haidai nauli. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameuza nguo za watu wasiojulikana kwa watu wanaojulikana sana, na kazi hiyo ilimpa kipaji cha ajabu kidogo. Aliweza kulitambua koti aliloliuza mwaka juzi likiwa mita mia mbali, likipanda kilima kuelekea Ayany, na asimtambue kabisa aliyelivaa, hata akiwa binamu yake. "Uso ni kitu cha kawaida," alikuwa akisema. "Kila mtu anao."

Filamu aliijulia ukubwani. Shirika moja lilikuja ukumbi wa kijamii na kufundisha misingi ya kuongoza filamu kwa siku tatu, chai na mandazi ndani yake, na Nasike akaenda siku ya kwanza kwa ajili ya mandazi. Mwalimu, kijana mpole mwenye miwani, alieleza kwamba filamu ziko za aina mbili. Za hali halisi, unakuta mambo yakitokea nawe unayafuata na kamera. Za kubuni, unayafanya mambo yatokee. Nasike aliinua mkono akauliza swali moja. Mwaka uliopita alikuwa amevushwa mtaro wa maji machafu mara tatu na watu wa filamu ya hali halisi, kwa kuwa mara mbili za kwanza hakuonekana kuwa na huzuni ya kutosha. Sasa hiyo ilikuwa aina gani? Mwalimu alisema hilo ni swali zuri. Kisha wakaenda chai.

Siku ya pili na ya tatu alikwenda kwa ajili ya masomo.

Jambo alilotaka kulipiga filamu lilikuwa limempata mwanamke aliyeitwa Kalondu, mjane aliyekuwa akinunua kwake sweta za watoto. Kibera mwenye nyumba hamfukuzi mpangaji. Anakuja na nyundo, anang'oa mlango, anaenda nao, na mpangaji anabaki na uhuru kamili wa kuendelea kukaa. Kalondu alikaa siku kumi na moja nyuma ya blanketi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amepata mpangaji bora, naye ni shemeji yake mwenyewe. Majirani walisikitika sana. Walipita hapo wakisikitika asubuhi, wakapita tena jioni. Siku ya kumi na mbili Kalondu alikunja blanketi akahama.

Katika filamu ya Nasike, majirani hawapiti. Wanatoka, wanaongezeka kichochoro baada ya kichochoro, wanakwenda kwa mwenye nyumba, wanauchukua mlango na kuurudisha mabegani kama jeneza la mtu ambaye hajafa. Hadithi yote ilikuwa hapo, kwenye wingi wa watu. Alimwomba Kalondu aigize mjane. Kalondu alimshukuru, akasema sehemu hiyo alishaifanya.

Kamera ilikuwa ya Oketch, mpiga video za arusi, Mluo mtaratibu aliyeibeba kamera yake kifuani kama mtoto wa kunyonya. Walihesabu pamoja. Sheria ilisema tisa. Oketch na Nasike ni watu pia, hata kama wako nyuma ya kamera. Basi waliobaki ni saba, wote wa kwaya ya kanisa la Nasike huko Kawangware, akiwamo mumewe Boaz Shivachi, fundi wa mbao aliyeutengeneza mlango wenyewe, na Khamala, mwenye sauti nzito na tumbo linalotambulika.

"Mama Kevin," Oketch alisema kwa upole, "watu saba si umati. Watu saba ni kamati."

"Wewe unahesabu vichwa," Nasike akamjibu. "Mimi nahesabu makoti."

Ikawa hivyo. Alichagua kichochoro chembamba, kinachopitisha watu watatu kwa shida, ili mtazamaji asiuone mwisho wa msafara. Waigizaji waliingia kutoka kushoto, wakapita mbele ya kamera, wakatoka kulia. Kisha wakazunguka mbio nyuma ya nyumba, ambako marobota mawili ya nguo yalikuwa yamefunguliwa, wakavua, wakavaa, wakaingia tena kutoka kushoto wakiwa watu wengine. Wanne waliobeba mlango waliinamisha vichwa chini yake, wakawa miguu tu, na miguu haihitaji zaidi ya suruali na viatu. Khamala alikuwa mtu wa mkokoteni, kisha mwalimu, kisha mama mjamzito, na katika hilo la mwisho hakuhitaji msaada. Nasike alimkataza Oketch kumngoja mtu amalize kupita. "Kata akiwa bado katikati," alisema. "Anayeangalia atamalizia mwenyewe. Ukimpa mtu nusu ya kanzu, nusu iliyobaki ataishona kichwani." Vishindo na vigelegele walivirekodi kanisani Jumapili, ambako watu mia tatu hukusanyika bila kibali cha yeyote isipokuwa Mungu.

Filamu ilikuwa ya dakika kumi na tisa. Ilionyeshwa Jumamosi mchana katika banda la video karibu na Toi, kati ya picha mbili za karate, na watu waliokuwa wamekuja kuangalia mateke wakainuka kwenye mabenchi. Mlango uliporudi kwenye fremu yake, mzee mmoja alipenga kamasi. Nasike alisimama nyuma kabisa akijisikia vizuri. Hisia hiyo ilidumu hadi Jumanne.

Jumanne askari wawili walimchukua Oketch na kamera yake, wakampitia Nasike sokoni. Mzee wa kijiji, ambaye kazi yake ilikuwa kumpelekea chifu habari kabla hazijapoa, alikuwa bandani siku ile. Aliripoti alichoona: maandamano ya watu wasiopungua mia mbili, wakiwa na mlango. Kesi ingepelekwa kortini siku ya pili yake. Shitaka ni kuitisha mkutano bila kibali, na kwa shitaka hilo Nasike angeweza kulala ndani miezi sita. Kamera ilikuwa kielelezo, na vielelezo vina desturi ya kuzeeka mikononi mwa serikali.

Chifu Kavoi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili. Alimkaribisha Nasike kiti, akamuuliza kibali chake kiko wapi.

Nasike alisema hakukihitaji. Walikuwa tisa.

"Nimeona kanda, mama. Nina macho."

"Macho ndiyo yamekudanganya, Chifu. Si vibaya. Ndiyo kazi yenyewe."

Chifu alifungua faili na kumwonyesha kwa nini hakuwa na shaka. Mashahidi. Hawakuwa wamelazimishwa na mtu. Walikuwa wakijisifu vibandani, na mzee wa kijiji aliandika tu majina. Watu ishirini na saba walikuwa wametangaza, kila mmoja kwa kinywa chake, kwamba siku ya mlango na wao walikuwepo. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Filister, muuza dagaa wa omena aliyepakana na meza ya Nasike, ambaye alikuwa ameketi hapo kwenye benchi akitazama dari.

Filister alipoulizwa alisema ndiyo, alikuwepo. Aliubeba mlango upande wa bawaba. Bega lilikuwa bado linamuuma.

"Filister," Nasike alisema polepole, "tulikuwa saba. Mimi ndiye niliyewavalisha."

"Wewe, Mama Kevin, ulikuwa na mambo mengi ya kamera. Ungenionaje?"

Hakukuwa na chuki katika sauti yake. Nasike alimtazama akaelewa jambo ambalo mwalimu wa miwani hakulifundisha. Filister alikuwa ameishi mlango wa tatu kutoka kwa Kalondu. Siku kumi na moja alipita hapo na beseni lake. Jumamosi, gizani bandani, kwa dakika kumi na tisa, alipata nafasi ya kutopita, na sasa alikuwa hataki kuirudisha, hata kama bei yake ni jirani kufungwa. Na Nasike, ili asifungwe, ilimbidi athibitishe mbele ya serikali kwamba hakuna mtu hata mmoja wa Kibera aliyetoka kumsaidia yule mjane. Kwamba waliotoka ni makoti.

Alifikiri kidogo. Kisha akafikiria miezi sita. Akaomba aletewe watu wake saba, mlango, na marobota mawili.

Saa nane mchana walikuwa wote katika uwanja wa ofisi ya chifu. Nasike alichagua nafasi kati ya ukuta wa ofisi na tangi la maji, nyembamba kama kile kichochoro. Alimweka Oketch pamoja na kamera chini, karibu na magoti, akamwomba Chifu apige goti aweke jicho. Chifu alitandika leso kwanza. Nasike akapunga mkono, na wale saba wakaanza kupita.

Chifu alitazama kwa muda mrefu. "Wanakuja wengi," alisema.

"Toa jicho, Chifu."

Alilitoa. Mbele yake kulikuwa na watu saba wanaohema, mmoja akiwa na suruali nusu. Akalirudisha: umati. Akalitoa: saba. Alifanya hivyo mara nne au tano, kama mtu anayeonja mchuzi ambao anashuku una kitu.

Hapo ndipo kesi ilipokwisha, na laiti Chifu angeinuka, hadithi hii ingeisha vizuri kwa kila mtu. Lakini hakuinuka. Jicho likiwa bado kwenye kamera, alisema pale mwisho pako wazi, ukuta unaonekana. Nasike alieleza kwamba ndiyo sababu angekata mapema. Chifu akasema hapana, asikate, panahitaji watu. Nasike alimkumbusha, kwa heshima, juu ya ile tisa. Chifu alisema anaijua tisa, yeye ndiye aliyeitangaza. Huu ulikuwa uchunguzi wa serikali. Akawaita askari wake wawili, wavue kofia. Akaita wale waliokuwa kwenye foleni ya barua za vitambulisho, waliokuwa wamekwishaacha foleni zamani wakajipanga ukutani kuangalia. Hao walipita mara moja wakitabasamu, na Chifu aliwarudisha.

"Mnakwenda kumrudishia mjane mlango wake," aliwaambia. "Mnacheka nini?"

Walipita tena bila kucheka. Mara ya tatu watu wa barabarani walikuwa wameingia kwa geti, kwanza kuuliza kuna nini, kisha kuona, kisha bila kuombwa na mtu wakaingia kwenye mstari. Nasike, aliyekuja pale kuokoa shingo yake, alijikuta akipiga kelele zile zile za kichochoroni: usiangalie kamera, wewe wa sweta ya kijani, punguza mwendo, mlango ni mzito. Na ulikuwa mzito kweli. Mikono ilikuwa imebadilishana chini yake, na upande wa bawaba alikuwa Filister, bila beseni, ameinamisha kichwa, akitembea kama mtu anayefanya jambo lililochelewa. Nasike alimgusa Oketch begani ili asikate.

Baadaye Chifu alikung'uta magoti, akakunja leso, akaingia ofisini kufunga faili. Alikuwa mwadilifu kwa namna yake. Aliandika kwamba amechunguza madai ya mshukiwa yeye mwenyewe, mahali wazi, mchana. Kwamba ule unaoitwa umati ni ufundi wa kamera tu. Na kwamba katika eneo lake hakujatokea, wala hakuwezi kutokea, mkusanyiko wa watu kuzidi tisa bila ofisi yake kujua. Kamera irudishwe kwa mwenyewe.

Alichelewa kidogo kutia sahihi, kwa sababu watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani, na mwanga ulikuwa hautoshi.