Kisanduku cha Kumsemea Spika

Mkewe ndiye aliyembandika jina la Fundi Kesho, na jina likamkaa. Kitu chochote alichokianza, ukimuuliza kitaisha lini, jibu lilikuwa hilo moja: kesho. Hakuwa mvivu, mtu asije akamsingizia. Mvivu hawezi kuchoka namna ile.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya kukata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Alisimama mbele ya mashine kutwa nzima, akipanga marobota, akikanyaga pedali, akisikiliza kisu kikishuka kwa kishindo kilekile. Jioni kiuno kilikuwa kimekauka na masikio yakivuma. Mtu mwenye akili timamu angefika nyumbani, akaoga, akalala. Yeye aliketi kwenye meza yake nyuma ya mlango wa sebule, akasogeza nguo zilizokunjwa zilizokuwa juu yake, akawasha taa ndogo na kuanza kuchezea nyaya.

Mezani pale palizaliwa mambo. Kulikuwa na kibanda cha njiwa chenye mlango uliofunguka wenyewe jua likichomoza. Ulifunguka vizuri sana, ila jioni ulijifunga mapema mno, na njiwa wakalala juu ya bati wiki nzima wakinung'unika. Kulikuwa na saa aliyoiunda ndani ya sufuria iliyotoboka. Kulikuwa na mchezo wa drafti aliouandika kwenye kompyuta yake kuukuu, herufi kwa herufi, ambao ulimfunga yeye mwenyewe aliyeutunga, na alipojaribu kuurekebisha ukamfunga vibaya zaidi. Kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu alichokichonga kwa mkono, na hicho kilikuwa kizuri kwelikweli, lakini mkewe alikikalia siku moja akasema kinafaa kwa mtu mwenye kalio moja.

Hakuuza hata kimoja kati ya hivyo. Majirani walimwambia angekuwa tajiri, naye akacheka tu, kwa sababu alijijua: kitu kikishageuka kazi, mikono yake ingekichukia kama ilivyoichukia ile pedali.

Basi kaka yake akapata kiharusi.

Kaka huyu alikuwa mnadi wa nguo kuukuu sokoni, na watu walimwita Spika kwa sababu sauti yake ilifika mtaa wa pili. Angeweza kunadi shati lenye tundu mpaka wewe mwenye shati zima ukajiona fukara. Alimtania kila mpita njia, na kila mpita njia akasimama. Ndiye aliyemlea Fundi Kesho baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa mkubwa wake kwa umri wa kutosha kuwa baba, na kwa kweli alikuwa baba. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Alielewa kila neno aliloambiwa, ila la kwake halikutoka. Kilichobaki kinywani mwake ni msonyo tu, tena wa upande mmoja. Shemeji, mkewe Spika, alisema Mungu ana mzaha: amechukua maneno yote akamwachia tusi.

Daktari aliwaambia wazi kwamba mikono na miguu ni mazoezi, lakini huyu mzee wenu ni mtu wa watu, mkimwacha akae peke yake mtamzika mwili ukiwa bado mzima. Maneno hayo hayakumtoka Fundi Kesho kichwani. Tangu siku hiyo njiwa, drafti na mengineyo yote yakawekwa chini ya meza, na kwa mara ya kwanza maishani akafanya kitu kimoja.

Alivunja mbao za kitanda cha zamani akaunda kisanduku cha kukaa mapajani, akakilainisha kwa msasa mpaka kikateleza kama sabuni. Ndani akaweka kikompyuta kidogo, ukubwa wa kiberiti, na spika ya redio iliyokufa. Juu akapanga vitufe vikubwa vya kubonyezwa kwa mkono wa kushoto, kila kimoja na kipicha alichokichora mwenyewe: kikombe, kitanda, sahani, mlango wa choo. Ukibonyeza, kisanduku kinasema. Sauti ilibidi iwe ya kwake, maana ya kaka haikurekodiwa popote ila kwenye video moja ya sokoni ambamo kila mtu anapiga kelele kwa pamoja. Akajifungia kabatini na mablanketi ili makelele ya nje yasiingie, akarekodi: naomba maji, naomba chakula, nataka kulala, naumwa, nipeleke msalani, ndiyo, hapana. Kwa ajili ya wageni akachora mikono miwili inayoshikana na kurekodi neno la adabu. Alitoka kabatini ametota jasho. Watoto wake walisimama mlangoni wakimwangalia, na mkewe akawaambia wasiogope, baba yenu yuko kazini.

Jumapili alikipeleka. Kaka alikigeuza kwa mkono wa kushoto, akapapasa kingo zake, akatikisa kichwa kwa namna iliyosema kazi nzuri. Fundi Kesho alifurahi mpaka uchovu ukamtoka mwilini kwa muda. Kabla hata hajamaliza kueleza kipi ni kipi, wageni wakabisha hodi: kijana mmoja aliyefundishwa kunadi na Spika, pamoja na mkewe na binti yao mdogo. Sebule ikajaa. Binti akasukumwa mbele akasalimie.

"Shikamoo babu," akasema.

Kila mtu alimgeukia Spika. Tangu augue, salamu za watoto zilikuwa zikianguka sakafuni bila wa kuziokota. Alikuwa akitikisa kichwa tu. Safari hii aliinua mkono wa kushoto taratibu, akaitafuta ile picha ya mikono, akabonyeza.

"Shikamoo," kisanduku kikasema, kwa sauti kubwa na safi.

Binti alimtazama mama yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto aliyefunzwa vizuri na salamu haiachwi bila jibu, akanyoosha shingo.

"Marahaba," akasema.

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na yule kijana alijaribu kumeza kicheko chake kikamtoka puani, lakini walicheka. Mzee mzima amemwamkia mtoto mdogo, na mtoto ameipokea salamu. Spika hakucheka. Alikisukuma kisanduku kwa kiganja kikaporomoka mapajani hadi sakafuni, kifuniko kikaachia, akageuza uso ukutani.

Ukitaka kujua kosa lilitoka wapi, jibu ni fupi. Tangu ajue kusema, Fundi Kesho alikuwa upande mmoja tu wa salamu ile mbele ya kaka yake. Neno lilitoka kwake likapanda juu. Jibu lilishuka lenyewe, kama mvua. Alipojifungia kabatini kutafuta neno la kusalimiana, mdomo wake ulitoa lile ulilolizoea. Alimtia mkubwa wake kinywani maneno ya mdogo mtu, na hata hakushtuka.

Wiki zilizofuata mambo yakawa mabaya. Shemeji alipiga simu akasema mzee akisikia hodi anafumba macho na kujifanya amelala mpaka mgeni aondoke. Wenzake wa sokoni walikuja mara mbili, wakarudi, na sasa walikuwa wameanza kuona haya kuja. Chakula nacho anakigusagusa tu. Shemeji hakumlaumu, na hilo ndilo lililouma.

Fundi Kesho kwanza alikasirika. Mtu akichoka sana hasira ndiyo inayokuwa karibu. Alimwambia mkewe kwamba ametoa jasho, amevunja kitanda, amejifungia kabatini kama mwizi, na shukrani ya punda ni mateke. Mkewe alikuwa akichambua mchele. Alimwacha amalize.

"Hebu niambie," akasema, "kile kisanduku kinajua kusema nini?"

Akamtajia.

"Naomba, naomba, nataka, nipeleke. Baba watoto, kaka yako tangu lini akaomba? Umemtengenezea bakuli la kuombea, halafu ukaliwekea na shikamoo juu."

Fundi Kesho aliketi kwenye kigoda cha kalio moja akashika kichwa. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga alijisikia amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Lakini Jumamosi alasiri, badala ya kulala, alibeba kompyuta na bisibisi akaenda.

Kaka alikuwa kitini dirishani. Fundi Kesho alimwamkia, akakubali kunyamaziwa, akakaa sakafuni karibu na miguu yake na kufungua kisanduku.

"Kaka, nisamehe. Nilikuchagulia maneno kama vile wewe ni mtoto. Leo chagua wewe."

Kaka akainua kidole kimoja cha kushoto. Wakaelewana hivyo: kidole ni ndiyo, msonyo ni hapana.

Marahaba ilipata kidole kabla hata haijaisha kutamkwa. Neno karibu nalo lilipata kidole. Naomba maji ilisonywa. Nataka kulala ilisonywa kwa kirefu. Msalani, baada ya kufikiri kidogo, alikubali ibaki, kwa sharti walilofikia kwa kusonyana na kuinua vidole, kwamba kitufe kiwe pembeni na sauti iwe ya chini. Halafu wakaingia kwenye maneno ambayo hakuna daktari angeyaandika. Mwongo wewe, akaitaka. Umenenepa, akaitaka. Nani anaongeza, mwito wake wa mnadani, akainulia kidole na uso ukapinda upande mmoja, na Fundi Kesho akachukua muda kutambua kwamba kile kilikuwa kicheko. Alirekodi hapohapo, shemeji akiwa amefunga madirisha, na Mwongo wewe ikarudiwa tena na tena kwa sababu kila alipoisema kaka alisonya: haikuwa na chumvi ya kutosha.

Kikabaki kitufe kimoja. Kaka alikigonga kwa kidole. Kuna neno alilitaka.

Fundi Kesho akaanza kukisia. Asante? Msonyo. Samahani? Msonyo. Kwaheri? Dawa? Jina la shemeji? Majina ya watoto? Shemeji naye akaja kusaidia, akataja vyakula vyote anavyojua kupika, vyote vikasonywa, akarudi jikoni akinung'unika. Jua lilihamia ukuta mwingine. Fundi Kesho aliegemeza mgongo kwenye mguu wa kiti, kiuno kikimwaka, na maneno yakamwishia.

"Pole kaka," akasema. "Nimechoka. Nimeshindwa kukisia."

Kidole kikainuka.

Hakuelewa mara moja. "Pole? Neno lenyewe ni pole?"

Kidole kilikuwa juu bado. Fundi Kesho akacheka kidogo, akamtania kwamba sasa ndiyo atakuwa mgonjwa wa ajabu, wageni wakija kumpa pole anawapa pole wao. Akarekodi, akafunga kifuniko kwa skrubu, akaenda zake.

Hakurudi mpaka katikati ya wiki iliyofuata, na siku aliyorudi ilikuwa mbaya. Mashine ilikuwa imekwama tangu asubuhi, robota zima likakatwa kombo, na msimamizi akamsimamisha mbele ya wenzake na kumwuliza kama anakata karatasi au anakata usingizi. Alitembea mpaka kwa kaka yake kwa sababu alikuwa ameahidi, si kwa sababu miguu ilitaka. Mlangoni alipishana na wale wa sokoni wakitoka. Walikuwa wakisukumana na kucheka, mmoja akilalamika kwamba ameambiwa amenenepa, tena mara tatu, mbele ya watu.

Aliingia. Kaka alikuwa kitini, kisanduku mapajani, nywele zimechanwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," kisanduku kikasema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na lilikuwa jambo geni kujiamkia na kujiitikia. Lakini aliyeitikia alikuwa kaka yake, hapakuwa na shaka, maana uso wake ulikuwa ule uliokuwa ukiitikia siku zote. Fundi Kesho alivua viatu, akajishusha kitini, akafumba macho kidogo tu.

"Pole," kisanduku kikasema.

Akafumbua macho akatazama nyuma, kuona ni nani aliyeingia. Hapakuwa na mtu. Kaka alikuwa anamwangalia yeye: viatu vyake, mikono yake yenye vumbi la karatasi, uso wake. Tangu kiharusi kije, pole zote zilikuwa zimepita juu ya kichwa cha Fundi Kesho kwenda kwa mgonjwa na kwa mke wa mgonjwa, na zilistahili kwenda huko.

"Nimeshapoa," akajibu, kama anavyojibu kila mtu.

Kaka akasonya, upande mmoja, kwa kirefu. Kisha akabonyeza tena.