Tanzia Iliyokataa Kumwagika

Katika darasa letu la ngumbaru pale Mau Narok, kila mtu alikuja na sababu yake. Mimi, Zeddy, nilitaka kusoma Biblia bila kumsubiri pasta. Jirani yangu Mzee Nicodemus alikuja kwa sababu mke wake, Mama Chepngeno, alimtangulia kujiandikisha, naye hakuwa mtu wa kulala nyumba moja na mtu anayejua jambo asilolijua yeye. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na mbili.

Mwalimu wetu, Waithaka, alikuwa kijana mwembamba aliyependa michezo ya kuigiza kuliko chakula. Tulipojua kusoma kidogo akatuletea somo la tamthilia: mhusika mkuu, mpinzani, mgogoro, kilele, tanzia, futuhi. Sisi tuliyaandika maneno hayo tukayaacha daftarini. Mzee Nicodemus aliyabeba akaenda nayo nyumbani. Wiki haikuisha, koti lake la mvua lilikuwa limeshaitwa maleba, vazi la mwigizaji, fahali wake akawa mhusika mkuu, na jogoo wangu, aliyekuwa akivuka ua kula mahindi yake, akatangazwa mpinzani. Ugali ukichelewa alikuwa akiita kutoka barazani, "Mama Chepngeno, mgogoro umekuwa mrefu sana. Tufike kwa kilele."

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni Kipketer. Kijana huyo alichimba ule udongo mweupe wa Kariandusi, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwao na nyusi nyeupe kama za babu. Alikuwa ametuma wazee kumposa Chepngeno, binti wa Nicodemus, na wazee wakarudishwa bila hata chai. "Siwezi peana msichana wangu kwa mtu anakaa kama chaki," Nicodemus alisema. Chepngeno alilia mpaka nikaona haya kucheka nikiwa upande huu wa ua. Alikuwa ameapa kwamba kama si Kipketer, hataolewa.

Siku ya kufunga darasa ikakaribia, na Mwalimu akataka tuigize mchezo mbele ya chifu na afisa wa elimu kutoka Nakuru. Nicodemus ndiye aliyeleta kisa: baba anaombwa binti, anakataa, anamwaga chini maziwa ya baraka ambayo angewapulizia wachumba kama angekubali, binti anazimia, basi. "Hiyo ni tanzia safi," alisema, akajipa nafasi ya baba. Binti akawa Chepngeno, maana sisi wanafunzi tulikuwa tumefika umri ambao mtu akizimia huvunjika kitu. Kwa nafasi ya mchumba, Mwalimu akamtaja Kipketer. Sote tukamgeukia Nicodemus. Akakubali haraka mno, na nikaelewa: angemkataa mara ya pili, na safari hii chifu akiwa ameketi mbele.

Likabaki suala la maziwa. Sisi Wakalenjin hatumwagi maziwa chini kwa kusudi, hata kwa hasira. Mwalimu akatufundisha kwamba kifaa cha jukwaani si kitu chenyewe, ni cha kusimamia tu kile kitu. Kipketer akaleta mfuko wa udongo wake kutoka Kariandusi, tukaukoroga na maji ndani ya kibuyu, ukawa mweupe wa kudanganya ndama. Katika kila zoezi Nicodemus aliumwaga kwa madaha, akitazama upande wetu, na nyasi za nyuma ya darasa zikageuka nyeupe.

Asubuhi ya mchezo Mama Chepngeno alikichukua kibuyu, akasema anakwenda kukiosha. Alikirudisha kimejaa mursik, maziwa yake halisi aliyoyagandisha kwa mkaa. Alituambia sisi wanawake wa benchi la mbele tu.

"Na akimwaga?" nikamuuliza.

"Huyo? Hata akiwa kwa usingizi hawezi."

Mwalimu alikuwa ametufundisha pia kinaya, pale hadhira inapojua jambo ambalo mhusika halijui. Siku ile nilikifurahia kinaya mpaka nikauma leso.

Kilele kikafika. Nicodemus alinguruma, akamwita Kipketer chaki, akainua kibuyu, akafungua kifuniko. Mkono ukasimama. Tone moja likamwangukia kidoleni, naye akakilamba kidole kwa mazoea tu. Akainamisha kibuyu, akakiinua, akakiinamisha tena. Nyuma ya blanketi letu la pazia Mwalimu alikuwa akinong'ona, "Mwaga, mzee. Mwaga sasa." Chepngeno alisubiri kuzimia, goti moja limekunjwa. Kipketer alikuwa amefumba macho, na hakuwa akiigiza.

Nicodemus akapiga funda. Akawapulizia wote wawili maziwa kifuani, akaanza kutamka baraka, ile ndefu yenye ng'ombe na watoto, na wazee waliokuwa wameketi wakaitikia kwa pamoja kama wanavyoitikia siku zote. Chepngeno akazimia vilevile, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asizimie. Tulipiga vigelegele mpaka afisa wa Nakuru naye akasimama kupiga makofi, akidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

"Jameni, mimi nilikuwa naigiza tu," Nicodemus alilalamika baadaye.

Mzee Kipkemei, aliyekuwa ameketi karibu na chifu, akamjibu polepole. "Wewe uliigiza. Maziwa haikuigiza."

Harusi ikawa Desemba. Kwa miaka Nicodemus alinung'unika kwamba aliibiwa tanzia yake, na Mama Chepngeno hakuchoka kusimulia jinsi alivyomnasa. Alikuwa akisimulia tena siku tuliyokwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza, na sote tulikuwa tukicheka, mzee aliposema bila kuinua sauti:

"Mama Chepngeno, hiyo mursik yako nimekunywa tangu nikuoe. Unafikiri siwezi jua harufu yake? Nilijua nikiwa bado huko nje, nikivaa maleba."

Mama Chepngeno akaweka kikombe chini. Kumbe miaka yote hiyo hadhira ndiyo iliyokuwa haijui.

"Sasa Baba, mbona ulitusumbua hivyo?" Chepngeno akauliza, machozi yakimlengalenga.

Mzee akampokea mtoto, akamweka vizuri kwenye paja.

"Si mwalimu alisema? Bila mgogoro hakuna mchezo."