Chupa Katikati ya Pumba

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza nilianzia wapi na haidrojeni. Wanatarajia nitaje Ulaya. Nawaambia ni Ifakara, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na nikiona mtu anatabasamu namsimamisha nimuulize swali.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasoma shahada ya uzamili, mwanamke peke yangu darasani. Nilikuwa nimeapa kutoa gesi yenye haidrojeni kwa kupitisha mvuke kwenye pumba za mpunga zilizoshika moto. Msimamizi wangu alinipa likizo moja tu: nirudi na gesi inayowaka, la sivyo nibadili mada.

Nikarudi nyumbani Ifakara, fundi wa kuchomelea akanitengenezea tanuri la pipa. Nikajaza pumba, nikawasha. Moshi mtupu. Siku ya tatu bado ni moshi, na baba mdogo akapita na baiskeli akitokea Lupiro.

"Miaka yote hiyo shuleni, kumbe unasomea kuchoma pumba."

Nikamwamkia shikamoo, basi, huku roho inaniuma.

Mama alikuwa pembeni anapepeta mchele. Akaja, akatia mkono ndani ya pipa lililokwisha kuzimika.

"Nani kakufundisha kushindilia hivi?"

"Wewe."

Na ni kweli. Bondeni kwetu mtoto hujua kushindilia gunia la mpunga kabla hajajua kusoma.

"Lile gunia, hili jiko. Jiko la pumba unaweka chupa katikati, unashindilia kuizunguka, halafu unaichomoa ili moto upate pa kupumua. Umekula ubwabwa wa jiko hilo tangu utoto, msomi wangu."

Nilitaka kubisha, kichwa changu kigumu. Lakini tukasimamisha bomba katikati, tukajaza, tukalichomoa. Nikawasha upya, nikafungulia mvuke. Nilipopeleka kiberiti kwenye mdomo wa kutolea gesi, ikashika, ikawaka bila moshi. Nikaweka mfuniko baridi wa sufuria juu ya ule moto, ukalowa matone.

"Moto wako unatoa maji," mama akasema.

"Ndiyo haidrojeni hiyo, mama, ikiungua hutoa maji." Nilijivuna, sifichi.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliuliza ule uwazi wa katikati kwenye mchoro nimeutoa kitabu gani.

"Nimeutoa kwa mama yangu, mkulima wa mpunga."

Wenzake wakacheka. Nikasubiri wamalize. Kisha nikataja majina yote matatu ya mama, taratibu, mpaka yule mtahini akachukua kalamu akayaandika.